Shangazi, Kabureta na Njia ya Muyinga

Haya, tulieni niwape yote mara moja, maana tangu nirudi Jumapili sijanywa chai kwa amani. Kila anayepita garaji anauliza, "Fundi Masudi, ni kweli uligombana na gurudumu huko Kayanza?" Mmoja kasikia nililala chini ya lori. Mwingine kasikia niliitupa pikipiki nikafika kwa baiskeli. Uongo mtupu! Nimeketi niandike, na atakayeniuliza tena nitamwonyesha karatasi hii, kisha nitamwonyesha mlango.

Mnajua nilikokuwa nakwenda. Mdogo wangu Mwajuma alikuwa anaolewa Muyinga, siku ya Ijumaa, baada ya sala ya alasiri. Baba yetu ni marehemu na ndugu wa kiume niko peke yangu, kwa hiyo walii wake, mwenye kumwozesha, ni mimi. Ndoa yake ya kwanza niliifungisha kwa simu. Nilikuwa na kazi nyingi, nikamwambia shehe wa huko, "Nakupa uwakala, niozeshee," nikarudi kwenye kabureta za watu. Ndoa ile ilimtesa miaka minne mpaka ikavunjika. Safari hii Mwajuma aliniambia bila kuzunguka: "Kaka, kama hauji we mwenyewe, mi sikai kwenye mukeka. Sitaki tena kuolewa na simu." Nikamwapia kwamba nitafika. Nyinyi mnaonijua mnajua kwamba siapi ovyo.

Wa kwenda naye alikuwa Shangazi Mariamu, dada yake marehemu baba, ambaye ndiye wa kumtoa bibi harusi ndani. Basi halimfai. Akipanda gari anatapika kabla halijawashwa. Juu ya pikipiki, upepo ukimpiga usoni, ni mzima kama kigongo. Basi tukaamua pikipiki yangu, ile ile kuukuu mnayoicheka, ambayo imezidi umri wa mtoto wangu wa kwanza.

Kwa wasioijua garaji yetu ya Buyenzi, hapa Bujumbura, niseme jambo moja, kwa sababu bila hilo hamtaelewa ujinga wangu. Chini ya bati letu kila fundi ana sehemu yake. Mimi ni kabureta. Ramadhani ni magurudumu na cheni. Mwenye kabureta hagusi gurudumu, na mwenye gurudumu hamwambii mwenye kabureta lolote mpaka aulizwe. Ndivyo tulivyofundishwa, na ukivunja hilo umemvua mwenzio nguo mbele ya wateja.

Ngagara hadi mguu wa mlima

Tulitoka nyumbani Ngagara Alhamisi, mara baada ya sala ya alfajiri. Shangazi alikaa upandeupande, kikapu cha udi na leso mapajani, mkono mmoja umeshika mshipi wangu. Tangi lilikuwa limejaa. Nilivyoyapata hayo mafuta siwaelezi, siku hizi za uhaba kila mtu ana hadithi yake ya mafuta.

Hatujamaliza barabara ya tambarare, pikipiki ikashikwa na kigugumizi. Mkono wangu umetulia, mwendo ni ule ule mmoja, si wa haraka si wa polepole, lakini yenyewe inavuta, inaachia, inavuta, inaachia. Nikiongeza mafuta inakaa sawa. Nikiiacha itulie kwenye mwendo mmoja inaanza tena. Kichwa cha Shangazi kikawa kinanigonga mgongoni.

"Masudi!" akapiga kelele. "Mbona iko inanichunga kama unga?"

"Ni kabureta, Shangazi. Uchafu kidogo tu."

"Kabureta iko wapi?"

"Hapa mbele, chini ya tangi."

"Basi si yenyewe. Hii kitu inatoka huku nyuma, chini yangu."

Nikacheka. Nikamwambia, "Shangazi, we unajua udi. Mambo ya pikipiki niachie mi." Hilo neno nimelijutia mpaka leo, na yeye hatalisahau mpaka tunazikana.

Tulipofika chini ya Gihosha, kabla barabara haijaanza kupanda, nikasimama pembeni nikafungua kabureta yangu. Nikapuliza vitundu vyake kimoja kimoja kwa mdomo, nikafuta, nikarudisha. Mtu mmoja aliyebeba godoro kichwani akasimama kututazama. Akamwona mama mzima amekaa juu ya jiwe, jua linampiga, akadhani mimi ni dereva wa kukodi na Shangazi ni abiria niliyemkwamisha.

"We, bwana!" akanikaripia. "Huyu mama anaweza kukuzaa. Kwa nini unamutesa?"

Nikamtazama Shangazi ili anitetee. Yeye akatikisa kichwa kwa huzuni. "Ananizungusha toka asubuhi," akasema. "Na nikimuambia ukweli, ananicheka."

Mtu yule akaweka godoro chini. Walah, alikuwa tayari kunipiga! Ikabidi nimtajie jina la baba yangu na la babu yangu ndipo Shangazi akaangua kicheko na kukiri kwamba mimi ni wa kwao. Mwenye godoro akaondoka anasonya, na mimi nikafunga kabureta huku masikio yanawaka.

Kupanda Bugarama

Sasa sikilizeni maajabu. Tulipoanza mlima, pikipiki ilitulia kabisa. Inanguruma, inavuta, haishtuki hata kidogo. Kona baada ya kona, mji unabaki chini, ziwa linakuwa jembamba, baridi inaingia kwenye mikono ya shati. Malori yanapanda taratibu, na nyuma ya kila lori wananing'inia wale jamaa wa baiskeli, mkono mmoja kwenye lori, mwingine kwenye usukani, wanarudi juu kuchukua ndizi.

Nilijisikia mfalme. Nikaanza kumpa Shangazi somo juu ya kabureta kwa sauti ya juu: jinsi chembe moja ya mchanga inavyoweza kuangusha safari nzima, jinsi mafundi wa siku hizi wasivyojua kusikiliza.

"Unaona?" nikamwuliza.

"Naona," akasema. "Lakini huku ni mulima."

"Mlima njo kipimo chenyewe, Shangazi!"

"Haya. Tungoje tambarare."

Bugarama tulikula. Huwezi kupita pale bila kula, ni dhambi. Baada ya kuuliza nani kachinja na kuonyeshwa Mwislamu mwenyewe akiwa na kisu chake, tukaagiza mishikaki ya mbuzi na ndizi za kuchoma, na pilipili iliyonitoa machozi. Wauza kabichi na karoti wakatuzunguka mpaka Shangazi akanunua kabichi moja kubwa kuliko kichwa cha mtu. Nikamwuliza tunaipeleka wapi. Akasema, "Kwa bibi harusi. Atakula nini, sifa zako za kabureta?"

Bugarama hadi Kayanza

Hapo ndipo aibu ilipoanza. Kutoka Bugarama barabara inakwenda juu ya mgongo wa milima, mara sawa, mara inashuka kidogo, mara sawa tena. Na kila palipokuwa sawa, kigugumizi kilirudi, sasa kwa hasira. Inavuta, inaachia. Kabichi inaruka kikapuni. Shangazi kwanza aliguna, kisha akaanza kuhesabu kwa sauti kila inaposhtuka, kisha akanyamaza. Akinyamaza yeye, jueni kuna maumivu.

Nilisimama mara nne. Mara ya kwanza nikabadilisha bujii, ile ya kutoa cheche. Hakuna kitu. Mara ya pili nikachunguza tundu la hewa kwenye kifuniko cha tangi, maana likiziba mafuta hayashuki vizuri. Lilikuwa wazi. Mara ya tatu nikaipandisha sindano ya kabureta ili injini inywe zaidi. Basi ikanywa kama mlevi, ikatoa moshi mweusi, na kushtuka ikaendelea kushtuka. Mara ya nne nikairudisha sindano mahali pake na kufungua kabureta yote juu ya leso ya Shangazi, chembe kwa chembe. Ilikuwa safi kiasi cha kunywea chai. Na mimi, badala ya kujiuliza, nikaanza kuipuliza tena. Nyani haoni kundule!

"Masudi, mwanangu," Shangazi akasema kwa upole, "angalia huku nyuma."

"Huku nyuma ni kwa Ramadhani," nikamjibu.

"Ramadhani yuko hapa?"

"Hayupo. Lakini gurudumu ni lake."

Shangazi alisimama, akajikung'uta vumbi. Kisha akachukua kikapu chake, akakitia kichwani, kabichi juu, akaanza kutembea. Anakwenda Muyinga kwa miguu! Nikafunga kabureta kwa pupa nikamfuata polepole, nikimbembeleza kama mtu aliyefukuzwa na mkewe. Wanawake waliokuwa wanalima kando ya barabara wakasimamisha majembe ili wacheke vizuri. Alikubali kupanda baada ya kilima cha pili, lakini kwa sharti nisitaje neno kabureta mpaka tufike mjini.

Tuliingia Kayanza jua limeshaelemea magharibi. Shangazi alishindwa kunyoosha kiuno. Alisimama ameinama, mikono magotini, na nikaona machozi. Hapo ndipo nilipoogopa kweli.

Simu ikalia. Alikuwa baba mdogo wa bwana harusi, mtu mpole, anauliza tumefika wapi. Nikamwambia Kayanza, na pikipiki inaumwa. Akasema, "Musijitese. Shehe anasema uwakala kwa simu inawezekana, kama ile mara ya kwanza. Hakuna aibu." Jamani, nisiwadanganye. Neno ndiyo lilikuwa limeshafika kwenye ulimi. Nilimtazama Shangazi alivyoinama, nikaitazama pikipiki, nikasema moyoni, basi, nimeshindwa.

Shangazi, akiwa bado ameinama vile vile, akanyoosha mkono. "Nipe." Akaiweka simu sikioni. "Bwana, salaam aleikum. Tunakuja." Akaikata akanirudishia.

Kayanza, bila kusogea

Tulilala kwa Mama Goreti, mjane anayepangisha vyumba nyuma ya soko. Kiswahili chake ni kidogo na Kirundi changu kikifika mambo ya malazi huwa kinakwama. Alitupokea kwa furaha, akatuonyesha chumba kizuri chenye kitanda kimoja kipana, mito miwili, na maua ya plastiki. Akatupongeza. Ilichukua muda nielewe kwamba ametuona mume na mke.

"Huyu?" Shangazi akapiga kelele, na kiuno kikapona ghafla. "Huyu mi nilimubadilisha nepi!"

Mama Goreti alipoelewa alikaa chini kwa kucheka. Nikapelekwa kulala stoo pamoja na magunia ya maharagwe, na sikulalamika. Lakini lililonigusa ni hili: alipojua sisi ni Waislamu, hakuuliza maswali. Alikamata kuku, akaniletea pamoja na kisu kipya ambacho hakijatumika, akasema kwa Kirundi chake cha taratibu, "Chinja mwenyewe, ili mle kwa amani." Tulikula kuku yule kwa ndizi na maharagwe, na nikamwombea dua bila yeye kujua.

Asubuhi ya Ijumaa nilikuwa nimechuchumaa uani, kabureta mkononi, ndiyo, tena, wakati kaka yake Mama Goreti alipoingia na baiskeli. Anaitwa Eliya. Ni mtu wa makamo, miguu kama magogo, miaka yote anashusha ndizi kutoka milimani hadi Bujumbura, kwa hiyo Kiswahili chetu anakijua vizuri. Alinisalimia, akasimama akanywa uji wake, akatazama.

"Inafanya nini?" akauliza.

Nikamweleza. Akaniuliza maswali matatu, na naomba myakumbuke, kwa sababu miaka yote hii sikuwahi kuyauliza.

"Ukipanda mulima, inaruka?"

"Apana. Inatulia."

"Ukikamata ambrayaji, injini ikaachana na gurudumu, ukateleza tu?"

"Inatulia."

"Mahali ya tambarare, mukono umetulia, hauongezi haupunguzi?"

"Hapo njo inaruka."

Akamaliza uji. Akakinyooshea kidole kile kikombe cha kabureta mkononi mwangu. "Basi mugonjwa si huyu," akasema. "Mi niko na baiskeli na kilo mia ya ndizi. Ukipanda, unavuta cheni muda wote, kila kitu kimekazana, hausikii ubaya wake. Ukifika tambarare, mara unavuta, mara gurudumu linakusukuma. Kama kuna nafasi imelegea, hapo njo inagonga. Nipe ruhusa nizungushe gurudumu yako."

Nikafungua mdomo, na kilichotoka ni kile kile. "Hilo gurudumu si langu. Ni la Ramadhani."

Eliya akamtazama Mama Goreti. Mama Goreti akamtazama Shangazi. Na Shangazi, ambaye alikuwa anajipaka mafuta ya kiuno mlangoni, akainuka.

"Ramadhani njo anamuozesha Mwajuma?" akasema. "Eh? Ramadhani njo walii? Mutoto anakungoja, analia, na we unachunga heshima ya gurudumu!"

Nikaiweka kabureta chini. Nikapiga simu Buyenzi.

"Ramadhani, salaam aleikum. Naomba ruhusa."

"Ruhusa ya nini, fundi?"

"Kufungua gurudumu ya nyuma."

Nikamsikia anacheka mpaka anakohoa. "Alhamdulillahi! Mi niliisikia toka mwezi jana, Masudi. Kila ukiingia garaji polepole, cheni inagonga. Ka! Ka! Ka!"

"Ulisikia ukanyamaza?"

"We ni fundi mukubwa. Haukuniuliza. Mi nitakuambia aje pikipiki yako iko mugonjwa?"

"Na kama ningeanguka?"

"Kuanguka apana. Kuchelewa tu. Fungua, ndugu yangu, fungua. Na zungusha gurudumu duara yote, usipime cheni mahali pamoja."

Nilitaka kumtukana, nikashindwa, kwa sababu mwaka jana mimi mwenyewe nilisikia kabureta ya pikipiki yake inavuja nikanyamaza wiki tatu, nikingoja aniulize. Tangu nirudi tumelizungumza chini ya bati, wawili tu, na tumekubaliana: atakayesikia aseme. Heshima ya kunyamaza imetosha.

Tukaiinua pikipiki kwenye stendi yake. Eliya akalizungusha gurudumu taratibu kwa kidole, mimi nikashika cheni kwa chini. Imelegea. Imekaza. Imelegea. Imekaza kama waya. Cheni ilikuwa imevutika sehemu moja na sehemu nyingine haikuvutika. Kisha Eliya akalishika lile duara la meno la nyuma akalitikisa, nalo likaenda na kurudi upana wa kidole kizima kabla gurudumu halijasogea. Hapo nilijua, kabla hata ya kufungua. Ndani ya kikombe cha gurudumu kuna vipande vya mpira vinavyopokea mshtuko kati ya cheni na gurudumu. Tulipofungua, vilimwagika chini vikavu na vyeusi kama makapi ya kahawa. Hakukuwa na mpira tena. Chuma kilikuwa kinagonga chuma, na cheni ikapigwa mpaka ikaharibika.

"Inatoka wapi?" Shangazi akauliza, amesimama nyuma yangu.

"Huku nyuma, Shangazi."

"Chini ya nani?"

"Chini yako."

"Asante," akasema, akarudi kukaa. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi nimebahatika, nimevunjika kiburi tu.

Vipuri Kayanza havikuwepo. Lakini Eliya, siku ambazo hapandi baiskeli, anakata viatu vya matairi, na alikuwa na kipande cha tairi la lori. Tukakaa kukata vipande sita kwa kisu chake kilichopinda. Vya kwanza vilikuwa vinene, havikuingia. Tukavipunguza, vikacheza. Tukakata vingine. Jua linapanda, mimi natazama saa, jasho linaingia machoni, Eliya anaimba wimbo wa kanisani polepole utadhani tuna wiki nzima. Mwishowe vikaingia kwa kupigwa na nyundo ya mti, vikakaa kimya.

Ikabaki cheni. Mimi nilitaka kuikaza mahali ilipolegea. Eliya akanishika mkono. "Apana. Ukikaza pale imelegea, kule imekaza itakatika. Pima pale inakaza zaidi, uiachie nafasi kidogo. Na mama akae juu, kwa sababu akikaa gurudumu linapanda na cheni inavutika."

Basi Shangazi akapandishwa juu ya pikipiki katikati ya ua, kikapu mapajani, kabichi juu, akae bila kucheka. Majirani wakaja kutazama. Mimi nimelala kifudifudi na spana, Eliya anashika cheni, Mama Goreti anamwambia Shangazi asitikisike. Mambo hayo hatujawahi kuyafanya Buyenzi. Sisi hupima pikipiki tupu, mahali pamoja, tukamkabidhi mtu.

Eliya alikataa kabisa tusimame kumshukuru. "Nendeni," akasema. "Mukichelewa, mpira wangu ni wa bure."

Kayanza hadi Ngozi

Nilingoja ile tambarare ya kwanza kama mtu anayengoja matokeo ya mtihani. Mkono ukatulia. Mwendo mmoja. Nikahesabu moyoni mpaka mia. Pikipiki inakwenda, inakwenda tu, laini, kimya, miti ya kahawa inapita. Nikapiga kelele! Nililia, nisiwafiche, machozi yakavutwa na upepo mpaka masikioni.

Nyuma kimya. Hakuna kichwa kinachonigonga, hakuna mguno. Nikadhani Shangazi ameanguka. Nikapapasa nyuma kwa mkono.

"Shangazi, uko?"

"Niko. Nangoja iruke."

Haikuruka. Ngozi tulisimama kidogo tu, tukaunganisha sala zetu kama wasafiri, tukanywa chai ya maziwa tukiwa wima. Mvua ikaanza pale pale, mvua nzito ya kupiga mabati. Mwenye kibanda akasema tungoje, itapita. Nikatazama saa: ukingoja mvua ile, alasiri inaondoka. Nikamtazama Shangazi. Alikuwa ameshafunika udi kwa mfuko wa plastiki.

"Twende," akasema. "Mi si chumvi."

Ngozi hadi Muyinga

Sitaki kuwachosha na mvua. Ilitupiga nusu ya njia, kisha ikatuacha. Matope yalitupaka mpaka kope. Simu ilikuwa inatetemeka mfukoni mwangu mara kwa mara, na mimi sikusimama. Kusimama nimwambie nini yule baba mdogo wa bwana harusi? Kwamba niko njiani? Alikwisha kuambiwa na Shangazi.

Kitu kimoja nitawaambia kuhusu sehemu ile. Nimetengeneza pikipiki za watu maisha yangu yote, lakini sijawahi kufurahia pikipiki kama siku hiyo. Kila tambarare niliitafuta makusudi. Nikiiona mbele nasema, njoo, njoo tuone. Natuliza mkono, nasikiliza, na hakuna kitu. Shangazi naye akaanza kuimba nyimbo za kutoa bibi harusi, mwenyewe, kwenye mvua, na watu waliojikinga chini ya mabaraza wakampungia mikono.

Muyinga tuliingia watu wakitoka msikitini, alasiri imeshasaliwa. Nikauliza nyumba ya harusi, nikaelekezwa na watu watatu kwa pamoja, kila mmoja upande wake. Tukaiona kwa turubai ya buluu na viatu vingi mlangoni. Nikazima pikipiki nje ya ua, nikamshusha Shangazi, nikaingia getini.

Wanaume walikuwa wamekaa kwenye mikeka barazani. Bwana harusi katikati, kanzu inang'aa. Shehe ameshika simu mbele yake, ameifungulia sauti ili mashahidi wote wasikie, nayo inaita. Kila mtu ameiinamia ile simu. Na papo hapo, mfukoni mwangu, getini, simu ikalia.

Vichwa vyote vikageuka.

Nikaitoa. Nikaitazama. Nikaikata mbele yao. Kule barazani sauti ya kuita ikazimika mkononi mwa shehe.

"Sitoi uwakala," nikasema. "Naozesha mwenyewe."

Walicheka, wakasimama, wakanikumbatia na matope yangu yote. Shangazi akapitiliza ndani kwa wanawake, nyuma ya pazia; mimi wakaniletea maji na sabuni, nikaosha mikono mara tatu. Matope yalitoka, grisi ya cheni ikakataa, imekaa kwenye mistari ya viganja. Nikaketi mbele ya bwana harusi, nikampa mkono wangu wa kulia hivyo hivyo. Aliushika bila kuutazama. Shehe akaniongoza maneno, lakini niliyajua. Nilikuwa nimeyarudia njia nzima kutoka Kayanza. Nikatamka jina la dada yangu, jina la baba yetu, na mahari yake. Naye akajibu, "Nimekubali."

Kabla shehe hajanyanyua mikono ya dua, kabla ya vigelegele, nikamsikia Mwajuma nyuma ya pazia akimwuliza Shangazi kwa sauti ya chini, "Ni yeye kweli? Si simu?"

"Ni yeye," Shangazi akasema. "Amelowa chapachapa. Toka umuone."

Akatoka.